Punje ya Ulezi Uwanjani

Tulipoanza kufundisha muundo wa atomu, tulichora ubaoni kiini kikubwa mfano wa chungwa, na elektroni zikikizunguka kwa karibu. Wanafunzi walinakili kwa unadhifu, nasi tukaridhika. Kumbe tulikuwa tumewapotosha. Tangu mwaka 1911 Rutherford alikwisha kubainisha udogo wa kiini: upana wa atomu huuzidi wake kwa mara 10,000 hadi 100,000. Ubao gani utatosha?

Mwaka uliofuata tuliweka punje moja ya ulezi katikati ya uwanja wa mpira, iwe kiini chenye protoni na nyutroni, tukawaongoza wanafunzi hadi golini, ukingo wa atomu. Waliporudi kuitafuta punje hawakuiona. Ndipo mmoja akauliza: “Mwalimu, ikiwa atomu ni tupu hivyo, mbona mkono haulipenyi dawati?”

Hatukuwa na jibu, ndugu wanachuo, na tulikiri mbele yao. Siku ya pili tulieleza kwamba elektroni zina chaji hasi, na chaji za namna moja husukumana. Hivyo elektroni za mkono na za dawati hukataana. Mchoro wa ubaoni tungali tunautumia, maana mitihani huudai, lakini baada ya uwanja, si kabla.