Sifa na Waliozichuma

Zamani, msomaji, wimbo uliotaka kusikika Nairobi ulipita kwanza redioni au katika maduka ya santuri ya River Road, na kila mlango ulikuwa na bawabu. Siku hizi bawabu ni wewe na mimi.

Machi 2010 kundi la Just a Band lilitoa katika intaneti video ya wimbo wao, Ha-He. Shujaa wake aliitwa Makmende, neno la utani la watoto wa Nairobi kwa mwenzao ajifanyaye jasiri. Kwa siku chache watu wakamtungia visa visivyo na idadi. Mimi nilivisikia ndani ya matatu ya Kangemi, kutoka mjini mpaka Westlands, nikacheka pamoja na abiria.

Lakini wengi walimjua Makmende wasiwajue waliomzaa. Vijana hao walianza muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2003, wakatoa albamu 2008 na 2009. Mchumia juani hulia kivulini. Basi ukipeleka wimbo kwa mwenzio, upeleke na jina la mwenye jasho.