Wachezaji Wasio na Kadi

Mchezaji wa besiboli wa Marekani hakumbukwi kwa ustadi wake tu. Kuna mtu aliyemchapisha. Kadi zilitiwa kwanza kwenye pakiti za sigara, kisha zikauzwa na chingamu: mbele sura, nyuma jina na takwimu. Ile ya Mickey Mantle ya mwaka 1952 iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Soka yetu ya Kenya haikupata biashara ya namna hiyo. Picha ya mchezaji ilikuja na Taifa Leo, ikakatwa kwa wembe na kubandikwa ukutani, ikachakaa kwa moshi. Kilichobaki ni sauti. Kwa msikilizaji wa Embu, mbali na viwanja vya Nairobi, mtangazaji wa redio Leonard Mambo Mbotela ndiye aliyekuwa kadi yenyewe, na lakabu ndizo zilizobeba wachezaji: Mahmoud Abbas alikuwa “Kenya One”, Austin Oduor “Makamu”.

Siku hizi ukiingia kwa kinyozi katika mtaa wa Dallas, Embu, usishangae ukitazamwa na Arsenal na Manchester United. Wengi husema ni haki yao, kwa kuwa Waingereza wanacheza vizuri zaidi na soka yetu imeshuka. Kushuka huko kunaeleza kwa nini wachezaji wa leo hawabandikwi. Hakuelezi kwa nini hayupo Peter Dawo, aliyefunga mabao 10 Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Mandela mwaka 1987, wala kikosi cha taifa kilicholeta kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981 hadi 1983. Maradona naye alitundika daluga zamani, lakini picha yake bado inauzwa. Tofauti ni mchapishaji.

Utaambiwa simu imemaliza shida hiyo, kila kitu kimo mtandaoni. Kimo, ila kwa anayejua la kutafuta. Simu humjibu aliye na jina tayari. Picha ya ukutani humlazimisha mtoto aliyenyolewa nusu kichwa aulize yule ni nani, na kwa kinyozi hakosekani mzee wa kumjibu, tena kwa chumvi nyingi. Gharama pia si kisingizio. Kila Desemba maduka huchapa kalenda za kugawia wateja, zenye maua na maporomoko ya maji ya nchi nyingine. Kikosi cha Gor Mahia cha 1987 kingetosha mwaka mzima: wachezaji kumi na mmoja, na Desemba apewe kocha.