Ini la Sahibu Yangu wa Muthara



Leo naandika kujikosoa. Ninaye sahibu huko Muthara, Meru, katika nchi ya miraa. Alipopigwa picha ya tumbo akaambiwa ini lake lina mafuta, neno la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa: huyu anakunywa pombe kwa siri. Sikulitamka, lakini nililiamini, na salamu zangu kwake zikapoa.

Baadaye alipimwa damu, akakutwa na homa ya ini aina ya C. Maradhi haya huenea kwa damu: sindano iliyokwisha kutumika, wembe wa kushirikiana, au damu ya kuongezewa isiyopimwa. Kirusi chake kilitambuliwa mwaka 1989, na huweza kukaa mwilini hata miaka 20 pasi na maumivu.

Nilimwuliza tabibu: mafuta na kirusi vina uhusiano gani? Akanieleza kuwa kirusi huvuruga namna ini linavyoyatumia mafuta, na kuwa kundi lake la 3 huyarundika lenyewe. Katika makundi mengine, aghalabu mafuta huletwa na unene na kisukari. Vikikutana viwili hivyo, makovu ya ini huongezeka upesi, na mwisho wake huweza kuwa ini kusinyaa au saratani.

Alhamdulillahi, dawa ipo. Vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Sahibu yangu alivimaliza, akapona. Hata hivyo alionywa kwamba kirusi kikiondoka, mafuta yaliyoletwa na sukari na unene hubaki. Na kwamba aliyepona aweza kuambukizwa tena, kwani chanjo haijapatikana.

Basi, anayeambiwa ini lake lina mafuta asikubali kuishia kwenye lawama za chakula. Aombe kupimwa na damu. Nasi tunaopiga hijama, kila mtu na wembe wake mpya.

Nilipanda hadi Muthara kumtaka radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai isiyo na sukari, akasema, "Sheikh wangu, kunywa. Siku hizi hiki ndicho kinywaji changu cha siri."

Mola ametukataza dhana mbaya katika Sura ya Al-Hujurat. Niliisomesha aya hiyo miaka mingi kabla ya kuielewa.

Wabillahi tawfiq.