Taa Yasema Chumvi Imepungua

Vijana wengi wa mwambao wa Unguja hivi sasa wapata riziki yao katika nyumba za wageni, na miongoni mwa kazi wanazokabidhiwa ni kulitunza bwawa la kuogelea. Sisi twasomesha chuoni baada ya alasiri, na asubuhi, kwa miaka kadhaa, tumekuwa tukitazama bwawa la nyumba moja ya wageni upande wa mashariki wa kisiwa. Twaona yafaa tuyaandike tuliyoyajua juu ya mtambo wa chumvi, kwani kijana akabidhiwapo mtambo huu aghalabu huonyeshwa pa kuwashia na pa kuzimia, yakaishia hapo.

Watu husema kwamba bwawa la chumvi halina klorini. Sivyo. Chumvi ya chakula ni sodiamu na klorini zilizofungamana. Maji ya chumvi yapitapo baina ya sahani za titaniamu zilizotiwa umeme, klorini hupatikana, ikayeyuka majini na kuua vijidudu. Kisha, imalizapo kazi yake, sehemu kubwa hurejea kuwa chumvi kama ilivyokuwa. Basi chumvi haiishi kwa kutumika. Hupungua maji yamwagikapo, chujio lisafishwapo, au mvua za masika zilijazapo bwawa hata likafurika. Wala kiasi kinachotakiwa si kikubwa: mitambo mingi hutaka gramu 3 hadi 4 katika kila lita, hali maji ya bahari yana gramu 35 hivi. Bwawa la lita 50,000 latosheka kwa kilo 150 hadi 200.

Mwaka 2022 alitujia baada ya sala ya isha kijana mmoja aliyepata kusoma chuoni kwetu, naye akitunza bwawa la nyumba nyingine. Taa ya mtambo wake ilikuwa ikisema kuwa chumvi imepungua. Alimwaga mfuko wa kilo 25, taa isizimike. Akamwaga wa pili, na wa tatu, na wa nne. Maji yakageuka rangi ya majani katika mwezi wenye wageni wengi, na mwenye nyumba akaapa kuikata bei ya chumvi yote katika mshahara wake. Kijana huyu ndiye amlishaye mama yake na wadogo zake watatu.

"Maalim, chumvi naitia, na taa haizimiki."

"Umeipima, mwanangu?"

"Taa ndiyo iliyoniambia, Maalim."

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Katika mitambo mingi taa ile haionji chumvi; mtambo hutazama umeme upitao baina ya sahani, kisha ukakisia. Umeme ukipita kwa shida, yamkini chumvi ni chache, na yamkini sahani zimefunikwa na chokaa, au zimechakaa. Asubuhi tulikwenda na karatasi za kupimia, na chumvi ikaonekana imepita gramu 5. Tukazima umeme katika swichi kubwa, tukafunga maji, tukafungua kile chombo cha sahani na kukiinua juani: weupe mtupu, kama jino lisilopigwa mswaki. Wala si ajabu, kwa sababu visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yamejaa chokaa.

Chokaa hii haikwanguliwi kwa chuma, maana juu ya titaniamu pana utando mwembamba wa madini ya thamani, na ukikwaruzwa sahani zimekufa. Huoshwa kwa asidi ya hidrokloriki, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, mahali penye hewa, mikono ikiwa na glavu na macho yamekingwa. Asidi ndiyo itiwayo katika maji. Maji hayamiminwi juu ya asidi, kwani hurukia usoni. Wala isikutanishwe kamwe na klorini ya unga, maana hutoka gesi yenye kuua. Povu likitulia, dakika chache tu, sahani husuuzwa. Kuziosha kila wiki bila haja nako huzila.

Tulipokuwa katika kazi hiyo akapita fundi mmoja, akatoa shauri kwamba nyaya za swichi inayotambua mwendo wa maji ziunganishwe, ili mtambo usizimike zimike. Tulimkataza kwa maneno makali. Mtambo huu hutoa pia gesi ya hidrojeni, ambayo huchukuliwa na maji yaendayo. Pampu ikisimama na umeme ukaendelea, gesi hujikusanya ndani ya chombo, na cheche moja yatosha kukipasua usoni pa mtu. Mtambo ukisema maji hayaendi, litazamwe kapu la pampu, ambalo kwetu hujaa majani ya mwarobaini, kisha chujio.

Hatukuishia hapo. Mtambo wa chumvi hupandisha kipimo kiitwacho pH, na kikipita 7.8 klorini huwamo majini lakini nguvu zake zimepungua sana. Cha kijana kilikuwa 8.4. Tulikishusha, tukatoa sehemu ya maji na kutia mapya ili chumvi ipungue, tukatia klorini ya unga jioni, jua lisije likaila, na kuta zikapigwa brashi. Siku ya nne sakafu ilionekana. Watoto wa wageni hawakuruhusiwa kuingia hadi klorini iliposimama baina ya 1 na 3 kwa siku mbili, ijapokuwa mwenye nyumba alinung'unika. Mtoto aogeleaye humeza maji, na tumbo lake halijui msimu wa wageni.

Mshahara haukukatwa. Mwaka uliofuata taa iliwaka tena, chumvi ikapimwa, ikawa gramu 3.4, na sahani zilikuwa safi. Safari hii zilikuwa zimechakaa kweli, nazo huchakaa baada ya miaka michache hata zikitunzwa. Kijana alimpelekea mwenye nyumba daftari lenye vipimo vya miezi kumi, na sahani mpya zikaagizwa juma lile lile.