Mordred, Mpangile na Siri ya Moyo



Likizo hii, mafrateri tuliokutana hapa parokiani Ilula tumekuwa na ubishi usiokwisha: je, Mordred alikuwa msaliti tangu mwanzo? Kwa wasioijua tamthilia ya Merlin, ilirushwa na BBC ya Uingereza kuanzia 2008 hadi 2012, misimu mitano, ikisimulia upya hekaya ya Mfalme Arthur. Mazimwi na mapanga ya ajabu tuyaache (ingawa tunayapenda). Kinachotushika ni kwamba karibu kila mtu mle ana jambo analolificha. Merlin mwenyewe ni mtumishi wa Arthur, na anaficha uwezo wake kwa sababu katika ufalme ule mwenye uchawi huuawa. Mordred anakuja kuwa askari wa mfalme, tena mwema, lakini Merlin hamwamini, kwa kuwa alishaambiwa kwamba huyu ndiye atakayemuua Arthur. Kisha msichana anayependwa na Mordred anahukumiwa kifo na Arthur, na Mordred anahamia kwa adui. Wenzetu wakasema, "Si mnaona? Ndivyo alivyokuwa siku zote." Sisi wengine tunaona uaminifu wake ulikuwa wa kweli mpaka siku ile ulipovunjika.

Lakini kisa kigumu kuliko hicho tunacho hapa hapa Uheheni. Si mbali na Ilula pana Lugalo, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mtwa Mkwawa liliangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Hilo kila mtoto wa shule analijua, kama anavyojua kuanguka kwa Kalenga mwaka 1894. Mpangile hatajwi sana. Alikuwa ndugu wa Mkwawa, na mwishoni mwa 1896, Mkwawa akiwa bado anapigana msituni, Wajerumani walimweka Mpangile kuwa mtawala wa Wahehe. Haikupita hata miezi miwili wakamuua, wakimshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri.

Alipokea kile kiti kwa nini? Pengine alikitamani. Pengine alichoka kuona watu wakifa kwa njaa na risasi. Au pengine alikuwa kweli jicho la kaka yake ndani ya boma la adui. Tendo ni lile lile moja, na kila aliyelitazama aliweza kuondoka na Mpangile wake.

Darasani tunafundishwa kwamba tendo la kimaadili hupimwa kwa tendo lenyewe, nia na mazingira. Mtakatifu Thomas wa Akwino anasema hata malaika hawasomi mawazo ya moyo wa mtu; Mungu peke yake ndiye ayajuaye. Tamthilia huvunja sheria hiyo kila baada ya dakika kumi. Kamera inaingia chumbani kwa Morgana, tunamwona akitabasamu peke yake, nasi tunajua. Tukizoea hivyo, tunatoka mbele ya runinga tukidhani tunaweza kujua vivyo hivyo sokoni na kwenye jumuiya. Mpangile hakuwa na kamera chumbani mwake.

Tuna mwenzetu aliyeacha malezi mwaka jana. Siku hizi anauza nyanya kando ya barabara kuu, na Jumapili hukaa benchi la nyuma. Habari yake imeshamalizwa na watu: wengine wanasema alifuata mwanamke, wengine kwamba alitaka kusoma bure tu. Yeye hajasema kitu, nasi tukinunua nyanya kwake tunaongea habari za mvua na bei. Na sisi tuliobaki, kwa ajili ya kanzu hii nyeupe, tunasadikiwa kuwa na nia safi bila kuulizwa. Akina mama hutupa hata kuku.

Kila mwaka tunaandika barua ya kuomba kuendelea na malezi, na humo tunaeleza sababu zetu. Za mwaka huu bado ziko mezani.