Redio Juu ya Meza ya Mwalimu

Tupande kwa njia ya ufukweni, maana ndiyo tuliyoipita sote. Ziwa liko mgongoni mwetu, na upepo wa asubuhi unaleta harufu ya dagaa walioanikwa juu ya majabali, ikichanganyika na ile harufu chachu ya muhogo uliovundikwa ambao akina mama wameutandaza ukauke. Kulia ni michungwa ya mzee mmoja mkali, ambaye hakutaka mtoto aguse hata chungwa lililoanguka lenyewe. Kushoto ni shamba la shule, pamba imefika magotini. Kisha mwembe mkubwa, na kwenye tawi lake la chini rimu ya gari inaning'inia kwa mnyororo. Kiranja akiigonga kwa kipande cha chuma, mlio unavuka maji hadi kwa wavuvi, nao wanajua watoto wanaingia darasani. Hapo ndipo shuleni kwetu, kisiwani Ukerewe, mwaka 1973.

Darasa la tano lilikuwa chumba cha mwisho, chenye madirisha yasiyo na vioo na madawati tuliyokalia watatu watatu. Ukiingia unakaribishwa na harufu ya chaki, na ya kaptula za kaki zilizofuliwa kwa sabuni ya mche. Ukutani kulikuwa na ramani ya Afrika iliyochanika upande wa Madagaska. Na juu ya meza ya mwalimu, pale ambapo madarasa mengine yaliwekewa fimbo na kopo la chaki, ilikaa redio ya Philips, moja ya zile zilizokuwa zikiundwa Arusha, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma.

Mwalimu wetu alikuwa kijana kutoka Bukoba. Alishuka melini Nansio na sanduku la bati kichwani mwa mchukuzi, lakini redio aliibeba mwenyewe, kaivingirisha ndani ya blanketi. Wazazi walidhani ni ya kustareheshea nyumbani kwake jioni. Wiki ya kwanza tu akaileta darasani, akapanda dirishani, akafunga waya mwembamba kwenye antena na kuuvuta mpaka kwenye mwembe. Kisha akageuza kitufe taratibu, huku ameinamisha kichwa. Mitabendi ilikwaruza, ikapiga mluzi, ikapita lugha tusizozijua, halafu ghafla sauti ya Dar es Salaam ikasimama katikati ya darasa, safi, bila vumbi.

Nawaza mara nyingi jinsi alivyoitumia. Mwalimu mwingine angewasha na kutuambia tusikilize. Yeye hakuwasha kamwe kabla ya kutupa kazi. Kipindi cha mwisho kiliangukia taarifa ya habari ya mchana, na dakika chache kabla yake aligawa darasa kwa mistari: mstari wa dirishani waandike majina ya mahali, wa katikati majina ya watu, wa mlangoni tarakimu zote zitakazotajwa. Ngoma ya Redio Tanzania ikilia, kalamu za risasi zilikuwa zimeshainuliwa. Hakuna aliyekohoa. Mtangazaji hakurudia neno wala hakumsubiri mtu, nasi tulijifunza kuandika huku masikio yakitangulia mkono. Taarifa ikiisha alizima papo hapo ili betri zisiliwe bure, kisha tukaanza kuiunganisha habari ubaoni, mmoja akitoa mji, mwingine mtu, mwingine idadi, hadi habari nzima ikasimama pale kwa chaki. Mstari wa dirishani ulikuwa haujui kilichotokea mpaka wa mlangoni waseme. Tulihitajiana.

Januari ile ulitangazwa msiba wa mpigania uhuru Amílcar Cabral, aliyeuawa Conakry, Guinea. Wenzangu wa mstari wa mahali waliuandika mji ule kila mtu kwa namna yake, na Mwalimu akaandika tahajia zote ubaoni bila kumcheka yeyote. Akatoa mfukoni miiba ya mchungwa. Akamwita msichana mmoja mpole, asiyenyoosha kidole kamwe, akamwambia, "Mwanangu, tutafutie Guinea." Kidole cha yule binti kilitoka kwetu ziwani, kikavuka Kongo, kikapanda pwani ya magharibi, kikasimama. Akauchomeka mwiba. Mpaka mwisho wa mwaka ramani ilikuwa imejaa miiba: Lourenço Marques, Luanda, Salisbury, Bissau. Baba yangu, ambaye hakuvuka zaidi ya Mwanza maishani mwake, alikuja siku moja kulipa mchango wa shule, akasimama mbele ya ramani ile akiigusa miiba mmoja mmoja na kuniuliza kila mmoja ni wa nini. Nilimjibu yote.

Ilipofika Mei, redio ikapata kazi ya pili. Kampeni ya Mtu ni Afya ilianza, na nilipokuja kusoma habari zake ukubwani nilikuta kwamba watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi kusikiliza na kujadili. Wakati ule sisi tulijua kikundi kimoja tu, cha chini ya mwembe wetu. Saa za alasiri, jua likianza kulegea, walikuja mmoja mmoja. Akina mama walikuja na mikeka na watoto mgongoni, wavuvi na nyavu za kushona mapajani, wazee na vigoda vyao. Bibi yangu alikuja na kitabu cha kampeni alichokifunga ndani ya upindo wa khanga, ingawa siku zile alikuwa bado hajui kukisoma. Mwalimu alitoa meza nje, akaweka redio, akakunja kile kitambaa mara nne.

Sisi watoto tuliruhusiwa kukaa nyuma kwa sharti la kunyamaza. Nakumbuka redio iliposalimu, kikundi kizima kiliitikia, na Bibi akaitikia kwa heshima zote, akiinamisha kichwa. Mwalimu hakuwakatiza. Aliacha salamu ziishe, ndipo akaongeza sauti. Kipindi kilizungumzia malaria siku moja, kuhara damu siku nyingine, safura, kifua kikuu, maji ya kunywa. Kikimalizika alizima, akasoma ukurasa wa kitabu polepole, kisha akauliza, "Haya, wazee wangu, mama zangu, mmesikiaje?" Waliokuwa hawafuati Kiswahili vizuri aliwaeleza kwa Kikerewe, lugha aliyoipata upesi kwa kuwa haiko mbali na Kihaya chake. Watu wakaongea hadi mbu wakaanza kuuma, na hapo somo la malaria likaendelea lenyewe.

Siku ya kichocho ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Ziwa lile ndilo lililotulisha, ndimo tulimooga, na ndani yake ndimo ugonjwa ulimokaa. Asubuhi yake Mwalimu alitupeleka kwenye ghuba yenye mafunjo, akatukataza kutia mguu majini, akatupa vijiti virefu. Tuliwaopoa konokono kwenye majani yaliyooza ukingoni, wale bapa wenye gamba lililojiviringisha, tukawatia ndani ya chupa ya kioo yenye maji kidogo. Chupa ikawekwa mezani kando ya redio. Tulichora konokono madaftarini. Tulichora pia safari nzima ya mdudu: kutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa kwenda majini, kuingia ndani ya konokono, kutoka, na kupenya ngozi ya mtoto anayeogelea.

Alasiri, redio iliposema neno konokono, macho yote yaliigeukia chupa. Ikapitishwa mkono kwa mkono. Bibi aliinyanyua kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni huyu?"

"Ndiye, Bibi. Yeye mwenyewe hana kosa. Ni vidudu vinavyolala ndani yake."

Mvuvi mmoja mwenye umri wa baba yangu akaweka wavu wake chini. "Mwalimu," akasema, "hiyo sauti inatuambia tusikanyage maji. Sisi tutakula nini?"

Redio ilikuwa imekwisha kuzimwa, na hata ingekuwa inaongea isingemjibu. Mimi naiheshimu sana sauti ile iliyotoka mbali kuja kutufundisha, lakini somo lenyewe nililiona hapo, katika kimya kilichofuata swali la yule mvuvi. Mwalimu hakukimbilia kitabu. Alimwuliza ni wapi wanapoingilia majini, na wapi mafunjo ni mengi, na wapi mawimbi yanapiga jabali tupu. Wanaume wakaanza kuchora ufuko mchangani kwa vijiti, wakibishana. Akina mama wakasema wanakoteka maji. Ilipokaribia magharibi walikuwa wamekubaliana: watoto wasioge kwenye ghuba ya mafunjo, maji yatekwe upande wa majabali, ya kuogea yalazwe mtungini siku mbili kabla ya kutumiwa, na kila mji uchimbe choo mbali na ziwa. Mchoro ule wa mchangani Mwalimu aliunakili daftarini usiku uleule, na kesho yake tulikuta ukitusubiri ubaoni, somo la jiografia.

Kuhusu betri lazima niseme. Redio ile ilikula betri nne kubwa, na duka lililoziuza lilikuwa Nansio. Kikundi kilichanga: mmoja sumni, mwingine mayai mawili, mwingine kibaba cha dagaa cha kwenda kuuza. Zilipoanza kuchoka na sauti ikawa ya kunong'ona, tulizianika juu ya bati la ofisi tangu asubuhi, na mtoto mmoja akapewa kazi ya kuzigeuza ili jua lizipate pande zote. Zilipata nguvu ya kipindi kimoja zaidi, pengine viwili. Zilipokufa kabisa Mwalimu alizipasua mbele yetu: hili ganda ni zinki, hiki kijiti cha katikati ni kaboni, huu weusi ndio tutakaoutumia Ijumaa. Na Ijumaa tuliponda ule unga mweusi pamoja na majani ya viazi, tukapaka ubao, ukawa mweusi kabisa. Habari za dunia zikaandikwa kwa chaki nyeupe juu ya masalia ya betri zilizozileta. Mikono yetu ilinuka majani mabichi na kutu hadi Jumapili.

Mwaka uliofuata tulikuwa la sita, naye alipanda nasi darasa. Februari 2, 1974, siku ya Jumamosi, Filbert Bayi alikimbia meta 1500 huko Christchurch, New Zealand, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Jumatatu hapakuwa na mtu aliyetaka kusikia habari za visehemu. Mwalimu akafunga kitabu cha hisabati. Akachukua kamba ya mtumbwi iliyopimwa na kutiwa mafundo, tukatoka tukaupima uwanja wa mpira pande zote nne, tukakokotoa ni mizunguko mingapi inayotimiza meta 1500. Halafu akavua saa yake ya mkononi na kusema, "Sasa mkimbilieni Bayi."

Tulikimbia pekupeku, vumbi likipanda, wadogo wa la kwanza wakipiga kelele madirishani. Dakika ya tatu na nusu ilipofika alipuliza filimbi, nasi tukasimama kila mtu alipo. Waliokuwa mbele kabisa walikuwa bado na safari ndefu. Akatuambia tupime kwa kamba kutoka pale tuliposimama mpaka mstari wa mwisho. Hiyo ndiyo tofauti yako na Bayi, akasema, iandike kwa meta. Tukarudi darasani tukihema, tukagawanya, na tukaona kwa macho yetu kwamba kijana wa Karatu alipita, kwa wastani, zaidi ya meta saba kwa sekunde. Nukta ya desimali, ambayo mwaka mzima ilikuwa imenishinda, niliielewa siku hiyo, jasho likidondokea daftari.

Vile vyoo vilivyokubaliwa chini ya mwembe vilichimbwa. Chetu kilikuwa na ukuta wa mabua na mfuniko wa mbao wenye kishikio, kopo la majivu pembeni. Operesheni za kuhamia vijijini zilipita, bei ya pamba ikapanda na kushuka, na 1975 ikaja kampeni nyingine, Chakula ni Uhai. Meza ikatolewa tena chini ya mwembe. Safari hii Bibi alikuwa msomaji. Alikuwa amehudhuria kisomo jioni baada ya jioni, akifuata mistari kwa kijiti cha ufagio, na gazeti la Elimu Haina Mwisho lilipofika kutoka Mwanza alilisoma kwa sauti nje ya nyumba, akipumzika kwenye kila kituo. Agosti mwaka ule watu wazima nchi nzima walifanya mtihani wa kusoma na kuandika. Bibi alivaa khanga mpya, akaketi kwenye dawati langu la zamani, magoti yakigusa ubao wa juu, Mwalimu akipita kati ya madawati bila kumtazama mtu usoni ili asimtie hofu.

Baadaye Mwalimu alihamishiwa bara. Redio alikwenda nayo, maana ilikuwa mali yake, ingawa betri tulimchangia za safari. Haikupita miezi mingi Bibi akanituma kununua bahasha na stempu, akataka aachwe peke yake. Aliandika mchana kutwa. Kisha akanipa nimhakikishie anwani, na kwa kuwa hakuwa ameigundisha bado, nikasoma. Alimweleza Mwalimu kwamba mfuniko wa choo umeliwa na mchwa na umetengenezwa mwingine, kwamba yule mvuvi amejenga cha kwake upande wa juu, kwamba mwalimu mpya ni mtu mwema ila haongei Kikerewe. Mwishoni aliuliza kama shule ya huko ina ziwa karibu, na kama lipo, watoto wa huko wamekwisha kuonyeshwa konokono, kwa sababu kikundi kilikuwa tayari kumpelekea chupa.