Mguu Nilipewa, Kusimama Nilifundishwa

Kisukari kilinichukulia mguu wa kulia, chini ya goti. Nilipovishwa wa bandia nilimshukuru Mungu, nikadhani kazi imekwisha. Niliambiwa nirudi kwa mazoezi, sikurudi. Mtu mzima na wajukuu wake afundishwe kutembea? Nikabaki na magongo. Nilianguka bafuni, nikaanguka mlangoni, na kila nikianguka niliulaumu mguu.

Jirani yangu alichoka kuniokota. Akanipeleka Moshi, hospitali ya KCMC, penye chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Nilijiandaa kukemewa. Hakuna aliyenikemea.

Kijana wa mazoezi, rika la kitinda mimba wangu, aliniingiza katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, akaweka mizani mbili sakafuni, kila mguu juu ya wake. “Simama sawa, mama.” Nikasimama, nikamwambia niko sawa kabisa. Akaniomba nitazame chini. Mguu mzima ulibeba kilo 58. Wa bandia, 14. Nilinyamaza. Mguu niliokuwa nikiulaumu sikuwahi kuuegemea.

Akanieleza kwamba unyayo na kifundo ndivyo vilivyokuwa vikiupasha ubongo habari za ardhi. Vimeondoka, sasa habari hizo zipitie kwenye kigutu, pale soketi, kikombe cha mguu wa bandia, inapokibana. Na wengi wetu wenye kisukari, hata mguu uliobaki una ganzi, ndiyo maana tunategemea mno macho. Aliponiambia niyafumbe kidogo nilipiga yowe, chumba kizima kikageuka.

Tulianza na kuhamisha uzito, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Baadaye nikawa nakanyaga kigoda kwa mguu mzima ili wa bandia ubebe peke yake. Nikafundishwa hata kuinuka kutoka sakafuni. Kigutu kilichubuka, tukasubiri kipone, tukaanza upya. Nilimfokea yule kijana zaidi ya mara moja. Naye siku zote alisimama hatua moja mbele yangu, mikono ameinyoosha bila kunigusa, tayari kunidaka. Sikustahili subira ile.

Ngazi za kanisani sasa nazipanda, mguu mzima ukitangulia. Kushuka, wa bandia kwanza. Kwenye tope nachukua fimbo. Ndugu yangu, kama wako umeuegemeza nyuma ya mlango, uvae urudi. Mimi hawakuniuliza nilikuwa wapi.